Jumatatu ni tatu: hesabu ya siku bila ya kalenda

Ndugu Mhariri,

Kadi ya harusi ikichapishwa "Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2026", wapo wageni watakaofika Ijumaa na wapo watakaofika Jumamosi, kwa sababu tarehe 14 ya mwezi huo ni Ijumaa. Kwa mpiga chapa hilo ni kosa la neno moja. Kwa mwenye shughuli ni pilau iliyolala. Makosa ya namna hiyo hutokea kwenye matangazo ya vikao vya wazee wa skuli, kwenye hati za viapo, kwenye maombi ya vyeti vya kuzaliwa na, utuwie radhi, kwenye kurasa za magazeti. Tunaandika kueleza hesabu ya kichwa ya kujua tarehe yoyote ni siku gani ya wiki, inayoyakamata kabla hayajatoka. Tunaieleza kwa kipimo chetu wenyewe, maana zile zinazozunguka kwenye simu zimetafsiriwa pamoja na siku za wenyewe, na ndiyo sababu watu huzijaribu jioni moja wakaziacha.

Ubaya wa hizo za kutafsiriwa ni kuwa zinaanza Jumapili. Zinasema Jumapili ni moja, Jumatatu ni mbili. Mswahili akiambiwa Jumatatu ni mbili anatakiwa akariri kinyume cha anachokitamka, na kila akifanya haraka ulimi unamshinda. Hakuna haja ya kujitesa hivyo, kwa sababu kwetu namba za siku zimo ndani ya majina yake. Juma letu linafungwa na Ijumaa. Siku inayofuata ni juma ya mosi, halafu ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Basi Jumamosi ni 1, Jumapili 2, Jumatatu 3, Jumanne 4, Jumatano 5. Alhamisi inakuwa 6 na Ijumaa 7, na kwa kuwa katika hesabu hii kila saba hutupwa, Ijumaa ni sifuri.

Mtego uko kwenye Alhamisi, na huwanasa wasomi zaidi kuliko wasiosoma. Jina hilo ni la Kiarabu na maana yake ni siku ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, ambayo ni Al-Ahad. Aliyekaa chuoni miaka mingi akifika Alhamisi huandika 5, na tano tayari ina mwenyewe. Lugha yetu ina siku mbili zilizobeba tano, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kiarabu, tena zinafuatana. Hapa mwenye tano ni Jumatano. Alhamisi ni sita.

Mwezi nao una namba yake, ya kujumlishwa na ya tarehe, ya mwaka na ya karne. Hizi ndizo za kukariri, na ndio mzigo mzima wa kazi hii: Januari 1, Februari 4, Machi 4; Aprili 0, Mei 2, Juni 5; Julai 0, Agosti 3, Septemba 6; Oktoba 1, Novemba 4, Disemba 6. Zisomwe kwa robo za mwaka: 144, 025, 036, 146. Anayependa hesabu ataona kuwa 144 ni 12 mara 12, 25 ni 5 mara 5, 36 ni 6 mara 6, na 146 ni ile ya mwanzo ikaongezwa mbili. Hazikutoka hewani. Januari ina siku 31, yaani wiki nne na siku tatu, kwa hiyo Februari inasogea mbele kwa tatu: 1 na 3 ni 4. Februari ya siku 28 haibakishi kitu, ndiyo maana Machi inabaki 4. Machi inabakisha tatu, 4 na 3 ni 7, saba hutupwa, Aprili inakuwa sifuri. Aliyesahau namba ya mwezi wowote anaweza kuipata kwa kuanza na mwezi wa nyuma yake na kuongeza 3 ukiwa wa siku 31 au 2 ukiwa wa siku 30. Tunashauri mwanafunzi afanye hivyo mara moja kwa miezi yote kumi na miwili kabla ya kukariri. Anayeelewa namba zilikotoka hazimpotei siku ya mtihani.

Safu hiyo ya 144, 025, 036, 146 ni ya zamani na si yetu. Wanaoitumia kwa kuanzia Jumapili wanaiona inakaa sawa kwa miaka ya 1900, lakini kwa miaka ya 2000 inabidi kila mara watoe moja. Sisi siku zetu zimetangulia zao kwa namba moja, kwa hiyo kwetu inakaa sawa kwa miaka ya 2000 na nyongeza inahamia kwenye miaka ya nyuma. Kwa kizazi kinachoandika tarehe za 2026 na 2027 hiyo ni nafuu ya kweli. Namba za karne ni hizi: miaka ya 2000 ni 0, ya 1900 ni 1, ya 1800 ni 3, ya 1700 ni 5. Baada ya hapo zinajirudia kila miaka 400, kwa hiyo ya 1600 ni 0 kama ya 2000, na ya 2100 itakuwa 5 kama ya 1700.

Imebaki namba ya mwaka. Chukua tarakimu mbili za mwisho, ongeza robo yake bila ya baki, kisha tupa saba saba. Kwa 2026: 26, robo yake ni 6, jumla 32, toa 28, inabaki 4. Sababu ya robo ni kuwa kila mwaka wa siku 365 una wiki 52 na siku moja ya ziada, na kila mwaka wa nne unaongeza siku nyingine. Tarakimu zikiwa kubwa, kwanza punguza 28, au 56, au 84, kwa sababu katika miaka 28 siku za ziada ni 28 na saba za miaka mirefu, yaani ya siku 366, jumla 35, ambazo ni wiki tano kamili. Kwa 1996 hakuna sababu ya kuhangaika na 96. Toa 84, baki na 12, robo yake 3, jumla 15, tupa 14, inabaki 1.

Jumlisha namba ya tarehe, ya mwezi, ya mwaka na ya karne, tupa saba, na kinachobaki ni siku. Ile kadi ya harusi: tarehe 14 ni sifuri maana ni saba mbili, Agosti ni 3, mwaka 2026 ni 4, karne 0. Jumla 7, yaani sifuri, yaani Ijumaa. Kwa matumizi ya kila siku hata hesabu hiyo ni ndefu mno. Namba ya mwaka uliopo hukaririwa mara moja mwezi wa Januari: 2026 ni 4, 2027 ni 5, 2028 ni 0. Kisha ikumbukwe kuwa tarehe 7, 14, 21 na 28 zote ni sifuri, kwa hiyo mwezi na mwaka vikijumlishwa vinaitaja siku ya tarehe hizo nne moja kwa moja. Disemba 2026: 6 na 4 ni 10, toa 7, ni 3, basi tarehe 7, 14, 21 na 28 Disemba ni Jumatatu, na tarehe 30 ni siku mbili baadaye, Jumatano. Karani anayeijua njia hii hana haja ya kunyanyua kichwa kutazama ukuta.

Sasa mwaka mrefu, yaani wa siku 366. Robo ya mwaka imekwishahesabu ile siku ya ziada, lakini siku yenyewe haijafika mpaka tarehe 29 Februari. Kwa hiyo Januari na Februari za mwaka mrefu hupunguziwa moja: Januari inakuwa 0 na Februari 3. Kuanzia Machi hakuna cha kupunguza. Mwaka mrefu ni ule unaogawanyika kwa nne, isipokuwa miaka ya mwisho wa karne, ambayo lazima igawanyike kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu. Mwaka 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa.

Watu wengi wakijifunza hesabu hii hapa Visiwani huijaribu kwanza kwa tarehe ya Mapinduzi, 12 Januari 1964, kwa kuwa kila mtu anajua ilikuwa Jumapili. Hesabu yake: 64 toa 56 ni 8, robo yake 2, jumla 10, tupa 7, mwaka ni 3, karne 1, inakuwa 4, Januari ya mwaka mrefu ni 0, tarehe 12 ni 5. Nne na tano ni 9, toa 7, ni 2, Jumapili. Sawa kabisa. Lakini tarehe hiyo ni mtihani mbovu. Anayejifunza husahau mambo mawili kuliko mengine: kuongeza moja ya miaka ya 1900, na kupunguza moja ya Januari katika mwaka mrefu. Akisahau yote mawili, moja aliyoiacha na moja ambayo hakuipunguza zinafutana, na jibu linatoka Jumapili vilevile. Anaondoka anaamini amejua, kisha kila tarehe ya mwaka 1970 inamkosea kwa siku moja na hajui kwa nini.

Mtihani mzuri ni tarehe isiyoficha kosa. Uhuru wa Zanzibar, 10 Disemba 1963: 63 toa 56 ni 7, robo yake bila ya baki ni 1, jumla 8, mwaka ni 1, karne 1, zinakuwa 2, Disemba 6, zinakuwa 8, baki na 1, tarehe 10 ni 3, jumla 4, Jumanne. Hapa aliyesahau karne anapata Jumatatu na anajikamata papo hapo, na aliyeikuza robo ya 7 kuwa 2, kwa sababu ni karibu na mbili, anapata Jumatano. Kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume, 7 Aprili 1972: 72 toa 56 ni 16, robo 4, jumla 20, baki 6, karne 1, inakuwa saba, sifuri, Aprili sifuri, tarehe 7 sifuri. Ijumaa. Tarehe hiyo ina faida yake pia, kwa kuwa 1972 ulikuwa mwaka mrefu na Aprili si mwezi wa kupunguzwa. Anayepunguza ovyo atapata Alhamisi. Kwa miaka ya 1800 ijaribiwe tarehe 27 Agosti 1896, siku meli za Kiingereza zilipolipiga mabomu kasri la Khalid bin Barghash na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia: 96 inabakisha 1, karne 3, Agosti 3, hizo ni 7 na zinatupwa, tarehe 27 inabakisha 6. Alhamisi. Anayezipa karne zote moja atapata Jumanne, nyuma kwa siku mbili.

Kwa hiyo kosa halipotezi njia. Lina alama yake. Jibu likitangulia kwa siku moja katika Januari na Februari za mwaka mrefu tu, umesahau kupunguza. Likirudi nyuma kwa siku moja kuanzia Machi ya mwaka mrefu, umepunguza pasipostahili. Likirudi nyuma kwa siku moja katika tarehe zote za 1900 na kuendelea mpaka 1999, karne imeachwa. Likitangulia kwa siku moja katika mwaka kama 1963 au 2027, robo imekuzwa. Na likitangulia kwa siku moja kila mahali, bila ya kujali mwaka, basi namba umeipata sawa lakini umeisoma kwa siku za kitabu cha Kiingereza: umeona 2 ukasema Jumatatu. Hilo la mwisho ndilo gumu kulitambua, kwa sababu hesabu yote ukiirudia unaikuta safi.

Zipo njia nyingine. Mwanahisabati wa Kiingereza John Conway aliipa umaarufu njia inayotegemea kuwa tarehe 4 Aprili, 6 Juni, 8 Agosti, 10 Oktoba na 12 Disemba huangukia siku moja katika kila mwaka. Ni njia nzuri, ila vikumbusho vyake vya miezi mingine vimefungwa na Kiingereza na kwetu havina ladha. Sisi tunaitumia kuhakiki jedwali tu: 0 na 4 ni 4, 5 na 6 ni 11, baki 4, 3 na 8 ni 11, baki 4, 1 na 10 vilevile, 6 na 12 ni 18, baki 4. Zote zinabakisha nne. Ukikuta moja haiji nne, namba ya mwezi huo umeikariri vibaya. Na kwa kuwa 8 Agosti ni Nane Nane, anayejua Nane Nane ya mwaka huo ni siku gani anazo tarehe nyingine nne bila ya hesabu.

Uhakiki mwingine ni wa kwetu kabisa. Kutoka 12 Januari mpaka 26 Aprili katika mwaka mrefu ni siku 105, wiki 15 kamili. Ndiyo maana mwaka 1964 Mapinduzi na Muungano vyote viliangukia Jumapili, na mwaka 2024 sikukuu hizo mbili zote zilikuwa Ijumaa. Katika mwaka wa kawaida ni siku 104, kwa hiyo Muungano huwa siku moja nyuma ya siku ya Mapinduzi: mwaka 2025 Mapinduzi Jumapili, Muungano Jumamosi; mwaka 2026 Mapinduzi Jumatatu, Muungano Jumapili. Mtengeneza kalenda anayeona sikukuu hizo mbili zimepishana kwa namna nyingine yoyote ajue kuna ukurasa umekosewa.

Tunafika kwenye jambo ambalo hesabu peke yake haliwezi, nalo ndilo linaloleta mabishano mengi majumbani. Kwa desturi yetu siku inaanza magharibi, jua likizama. Serikalini siku inaanza saa sita ya usiku. Kati ya nyakati hizo mbili kuna saa sita ambazo zina majina mawili. Chukua cheti kinachosema mtu aitwaye Khamis kazaliwa tarehe 10 Julai 1985. Hesabu: 85 toa 84 ni 1, robo sifuri, mwaka ni 1, karne 1, zinakuwa 2, Julai 0, tarehe 10 ni 3, jumla 5, Jumatano. Mtu ataruka na kusema cheti kimekosewa, kwa sababu Khamis ni wa Alhamisi. Huenda hakikukosewa. Mtoto akizaliwa saa mbili ya usiku wa tarehe 10, kwa wazee hiyo tayari ni Alhamisi imeingia na jina lake ni Khamis. Kwa daftari la hospitali ni Jumatano. Wote wawili wamesema kweli. Vivyo hivyo kwa Juma na Mwanajuma ambao tarehe zao zinatoa Alhamisi. Tofauti ikiwa siku moja nyuma, ulizeni saa kabla ya kwenda kuapa. Ikiwa siku moja mbele au zaidi ya hapo, hapo ndipo pa kutilia shaka tarehe, au kukumbuka kuwa wengine huitwa Khamis kwa sababu babu yao aliitwa Khamis, na siku haihusiki.

Kwa mzee asiye na tarehe bali ana kumbukumbu, hesabu hii inafanya kazi kwa kurudi nyuma. Akisema alizaliwa Jumanne ya mwezi wa Juni mwaka 1951, tafuta kwanza tarehe 7: 51 toa 28 ni 23, robo 5, jumla 28, sifuri, karne 1, Juni 5, jumla 6. Tarehe 7 Juni 1951 ilikuwa Alhamisi, basi Jumanne za mwezi huo zilikuwa 5, 12, 19 na 26. Kutoka siku thelathini zimebaki nne, na sheha au ndugu wa marika yake wanaweza kumaliza kazi kwa kuuliza ilikuwa karibu na Idi gani au msimu gani wa karafuu.

Hati za zamani za mashamba ya mikarafuu na barua za wazee zina tarehe za Hijria, na hapa siku ya wiki ni bora kuliko namba ya tarehe. Majedwali ya kubadilisha Hijria kuwa Miladia ni ya kukadiria. Mwezi wa Mfunguo Sita ulianza pale ulipoonekana, si pale jedwali linaposema, na mawingu ya Pemba hayasomi jedwali. Kwa hiyo jibu la jedwali huweza kukosea kwa siku moja, pengine mbili. Lakini mzunguko wa siku saba haukukatika: watu waliswali Ijumaa kila Ijumaa. Hati ikisema "siku ya Alhamisi" na jedwali likakupa tarehe ambayo kwa hesabu yetu ni Jumatano, fuata Alhamisi na usogeze tarehe mbele kwa moja, isipokuwa kama hati yenyewe inasema iliandikwa usiku. Na kwa wenye kupanga likizo: mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, zinazobakisha 4 au 5. Idi ikiwa Jumatatu mwaka huu, mwakani itarajiwe Ijumaa au Jumamosi, na lililo la hakika liachiwe macho.

Mwisho wa uwezo wa jedwali letu ni mwaka 1582. Alhamisi tarehe 4 Oktoba mwaka huo ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15, siku kumi za tarehe zikafutwa ila siku za wiki zikaendelea kama kawaida. Wareno, waliokuwa na mwambao huu wakati huo, walibadili papo hapo. Waingereza walichelewa mpaka 1752, walipotoka Jumatano tarehe 2 Septemba wakaamka Alhamisi tarehe 14. Kwa tarehe za kalenda ya kale, miaka ya 1500 ipewe 4 na ya 1400 ipewe 5. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa tarehe 7 Aprili 1498: mwaka ni 3, karne 5, Aprili na tarehe ni sifuri, jumla 8, baki 1, Jumamosi. Anayetumia namba ya karne ya kalenda ya sasa, yaani 3, atapata Alhamisi na atawasingizia Wareno.

Kwako Mhariri tuna maombi mawili. La kwanza, kila tangazo linaloletwa dawatini liwe na siku na tarehe pamoja, na kabla ya kuchapishwa mtu mmoja azijumlishe. Tangazo lenye tarehe peke yake likikosewa hakuna wa kujua, lenye vyote viwili linajisema lenyewe. La pili ni kuhusu maneno "usiku wa Jumamosi", ambayo nusu ya wasomaji wako wanayasoma kuwa ni usiku unaotangulia Jumamosi na nusu wanayasoma kuwa ni unaofuata. MV Spice Islander iliondoka Unguja kuja Pemba usiku wa tarehe 9 Septemba 2011, siku ya Ijumaa, ikazama baada ya saa sita ya usiku kupita, tarehe 10, Jumamosi. Katika habari ya uzito huo, "usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10" hauachi nafasi ya kubishana, na "Ijumaa usiku" hautoshi bila ya saa.

Wenu,
Walimu wawili wa hisabati,
Wete, Pemba.